Kobe na Sabuni

Ofisi ya Vitambulisho inawatangazia watumishi wake na wananchi wote kwamba kila mtu, awe mzima au mgonjwa, awe anatembea au amelala kitandani, anayo haki ya kupigwa picha inayoonyesha sura yake halisi: uso mzima, macho yote mawili yakiwa wazi, pasipo kivuli wala doa, na kwamba picha yoyote isiyotimiza masharti hayo haitapokelewa. Ndivyo usemavyo waraka uliotundikwa ukutani ghorofa ya pili, ndani ya fremu ya kioo, mkono wa kushoto ukimaliza ngazi. Umekaa hapo miaka kumi na tisa. Hakuna aliyewahi kuupinga, jambo linaloeleweka, kwa kuwa waliowahi kuusoma hadi mwisho wanahesabika kwa kidole kimoja.

Kidole hicho ni cha mpigapicha wa ofisi, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu ambaye watu wote, pamoja na wanaomzidi umri, humwita Mama Tulia. Jina hilo hakupewa na mzazi wala hakulipata kwa mtoto. Alilichuma kazini, kwa kuwaambia watu neno moja mara sitini kwa siku. "Tulia." Kamera inalia, mtu anashuka kwenye kigoda, anapanda mwingine. Mumewe, fundi saa anayefanyia kazi sebuleni na kwa hiyo anasikia kila kitu, husema kwamba mkewe ametuliza watu wengi kuliko dawa ya usingizi, na bado humo nyumbani hajatulia mtu.

Tatizo la Mama Tulia, kama ni tatizo, ni kwamba aliamini waraka. Pale uliposema "amelala kitandani" wenzake waliona ni maneno ya kupamba, kama yale ya "kwa heshima na taadhima" mwanzoni mwa barua ya kumfukuza mtu. Yeye aliona ni kazi. Kila Jumanne na Alhamisi baada ya chakula cha mchana alitia kamera kwenye mkoba wa nguo alioushona mwenyewe, akachukua daftari lenye majina ya wasioweza kufika ofisini, akaenda kuwapiga picha kwao. Wazee, waliopooza, waliovunjika nyonga. Bila kitambulisho, hospitali ilikuwa haiwaandikishi, na bila picha hakukuwa na kitambulisho. Alipiga magoti sakafuni, alipanda juu ya ndoo zilizofunikwa, alimwomba jirani asogeze pazia. Hakuna aliyemtuma. Hakuna pia aliyemkataza, na katika ofisi ile hicho ndicho kilichokuwa kibali.

Mwezi wa pili kamera ya ofisi ilianza kukataa kazi. Mwanzoni ilikataa asubuhi tu, kama watumishi wengine. Baadaye ikakataa siku nzima. Mkuu wa ofisi akamwita Mama Tulia. Juu ya meza palikuwa na kamera mbili ndogo, mpya, za kutia mfukoni.

"Muuzaji ametuazima wiki mbili," alisema Mkuu, mtu mpole aliyependa kuweka viganja vyake mezani kama anayekausha rangi ya kucha. "Tutanunua moja. Wewe ndiye mtaalamu, mama. Zijaribu, andika ripoti. Utakachosema ndicho kitakachokuwa."

"Hata nikisema ile isiyopendeza?"

"Mimi naamini maandishi," alisema Mkuu.

Kamera zenyewe zilikuwa na majina marefu yenye herufi na tarakimu, ambayo hakuna aliyejaribu kuyashika. Siku ile ile zikapewa majina ya kibinadamu. Ya kwanza ilikuwa nene, na ukiiwasha lenzi yake ilitoka nje hatua kwa hatua, ikanyoosha shingo, ikatazama huku na huku, ikaitwa Kobe. Ya pili ilikuwa bapa, imelainika kingo, nyepesi mkononi kama kipande cha sabuni kilichoogesha familia nzima, ikaitwa Sabuni. Aliyezipa majina hayo ni mpigachapa.

Huyu mpigachapa tumjue vizuri. Alikuwa mdogo wa Mama Tulia kwa miaka sita, si kwa damu bali kwa bakuli: kwa miaka kumi na saba walikuwa wamekula chakula cha mchana pamoja kwenye benchi lililo nyuma ya stoo, kila mmoja akichungulia cha mwenzake kabla ya kufunua chake. Alimwita dada. Mama Tulia alimwita mdogo wangu, na akiudhika alimwita mdogo wako huyu, kana kwamba anamshtaki kwa mtu wa tatu. Chumba cha uchapaji kiliwahi kuwa na wanawake wanne na kelele za mvua ya mawe. Wakati huu alikuwa amebaki yeye, na viti vitatu vilivyofunikwa plastiki.

"Siku hizi hata mlinzi anachapa mwenyewe," alikuwa akisema. "Juzi kanionyesha. Kwa kidole kimoja, lakini anafika."

"Kazi haiishi, mdogo wangu."

"Haiishi, inahama tu. Kama panya."

Kati yao kulikuwa na sheria moja. Mwandiko wa Mama Tulia ulijulikana jengo zima kuwa hausomeki. Mkuu aliwahi kupokea barua yake ya kuomba likizo akadhani ni mchoro wa njia ya kwenda kwake. Mtu mmoja tu duniani aliweza kuusoma, naye ndiye aliyeuchapa. Zamani, mwaka wa pili wa urafiki wao, Mama Tulia alipitia barua iliyochapwa kabla ya kutia sahihi, akaona nukta imeruka, akaionyesha. Mpigachapa alikula peke yake siku nane. Walipopatana, waliwekeana ahadi: mimi sikuulizi kama umetoa kifuniko cha lenzi, wewe usiniulize kama nimesahau nukta. Tangu hapo kila alicholetewa Mama Tulia alikitia sahihi juu ya goti, bila kukisoma, huku anaendelea kutafuna. Huo haukuwa uvivu. Ilikuwa adabu.

Majaribio aliyafanya kwa haki iliyopindukia, kama mama mwenye watoto wawili na anampenda mmoja. Alimpeleka Kobe uani siku Mkuu alipokuwa akikabidhi rasmi benchi jipya la wananchi wanaosubiri. Akasimama langoni, hatua hamsini kutoka kwenye benchi. Kobe akanyoosha shingo, akamvuta Mkuu karibu mpaka zikahesabika kalamu za mfukoni mwake, na moja ikaonekana haina kifuniko. Akavuta nambari ya gari lililokuwa ng'ambo ya barabara. Akamvuta ndege juu ya waya, ndege akiwa na shughuli za faragha. Betri ya Kobe ilidumu siku nzima. Kitufe kilikuwa kimoja. Mengine yote Kobe aliamua mwenyewe, na kwenye jua aliamua vizuri. Sabuni, kutoka langoni pale pale, alimwonyesha Mkuu kama kijiti cha kiberiti kilichofungwa tai. Lenzi yake ilisogea kidogo tu kisha ikagoma, na adhuhuri haijafika betri ikaanza kuomba msamaha.

Yote hayo Mama Tulia aliyaandika, bila kinyongo.

Alhamisi akazipeleka zote mbili kwa mkunga mstaafu, bibi wa miaka themanini na kitu, aliyekuwa amelala miezi saba kwa ajili ya nyonga. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazamana na ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono, na balbu iliyowekwa zaidi kwa ajili ya heshima. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, na mwanga mkali ulimchoma.

"Unanipiga picha au unanipima suti?" aliuliza, alipomwona Mama Tulia akimzunguka.

"Tulia, bibi."

"Nimetulia miezi saba, mwanangu. Nikitulia zaidi ya hapa mtanizika."

Kobe, bila taa yake, alitoa picha iliyojaa chengachenga, kama televisheni ya enzi ile matangazo yakikatika, na katikati yake mzee aliyeonekana anakimbia. Mama Tulia akawasha taa ya Kobe. Bibi akafumba macho. Mara ya pili akafumba. Mara ya tatu akafumba kabla, kwa kuwa alikwisha kuielewa kamera. Uso ulitoka mweupe kama sahani, ukutani nyuma yake kivuli cha mtu mwingine mnene zaidi.

Kisha akamtoa Sabuni. Ubora wa Sabuni haukuwa wa kuonekana kwa nje: kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga kilikuwa kikubwa karibu mara nne ya kile cha Kobe, na lenzi yake ilifunguka sana, hivyo mwanga kidogo wa chumba kile uliingia wote, kama wageni wachache kwenye mlango mpana. Hakuwasha taa. Alipiga magoti, akaegemeza viwiko kwenye ukingo wa kitanda, akasema neno lake. Sabuni alilia taratibu, kama mtu anayemeza mate.

Bibi alionyeshwa picha zote. Akaishika ya mwisho karibu na pua.

"Huyu mimi," alisema. "Hata huu mkunjo naujua, nilipewa na mume wangu." Akageukia ya Kobe. "Na hawa wengine ni akina nani?"

Kwa hiyo ripoti haikuwa ngumu kuiandika. Ilikuwa ndefu tu, kurasa sita za wino wa buluu. Alisema Kobe ni kamera nzuri ya kupiga vitu vilivyo mbali na penye jua: sherehe, majengo, mikutano. Akaandika, kwa sababu alikuwa mkweli na hakujua kwamba ukweli una mishikio pande zote mbili: "Kobe haihitaji ujuzi. Hata mtu ambaye hajawahi kushika kamera, akiielekeza mahali penye jua, atapata picha." Aya iliyofuata ilianza na "Lakini", nayo ndiyo iliyobeba ripoti yote. Ilieleza kwamba kazi ya ofisi hii si ndege wala nambari za magari, ni nyuso. Na nyuso zenye shida zaidi zimelala kwenye vyumba visivyo na jua. Ilisema kwamba ofisi ikinunua Kobe, ziara za majumbani zitakuwa zimekwisha, na majina kumi na moja yaliyomo kwenye daftari yatabaki kwenye daftari. Na ili Mkuu aelewe, akaandika mfano: mama mzazi wa mtumishi mmoja wa ofisi hii, aliyepigwa picha miaka minne iliyopita akiwa amelala, katika chumba chenye taa ya mafuta, kwa kamera ya zamani iliyofanana na Sabuni kwa moyo, picha ambayo baada ya kutoa kitambulisho ilikuzwa, ikatangulia mbele ya jeneza, na sasa iko ukutani.

Mtumishi huyo hakumtaja. Hakukuwa na haja. Ndiye angeyachapa maneno hayo. Siku ile ya picha Mama Tulia alikaa magotini dakika arobaini akingoja mama yule atulie kutetemeka, na mpigachapa alikaa upande wa pili wa kitanda ameinua taa, mkono ukimfa ganzi, hakubadilisha mkono.

Alimpa kurasa sita wakiwa benchini.

"Nyayo zako za kuku zimenenepa, dada," alisema mpigachapa, akizipindua.

"Zimekula vizuri wiki mbili hizi."

"Na umemchagua nani? Kobe?"

"Soma utamwona."

Kesho yake zikarudi zimechapwa. Mama Tulia alizipokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na mafuta ya chakula, akazipima uzito.

"Mbona nyembamba?"

"Herufi za mashine ni ndogo. Wewe neno moja unalitandika kama shuka."

Wakacheka. Mama Tulia akajifuta mkono, akaweka karatasi gotini, akatia sahihi yake, ambayo ndiyo alama pekee aliyoiandika ikasomeka. Mpigachapa akampa nusu ya chungwa lake. Jambo hilo Mama Tulia alilikumbuka baadaye, kwa sababu mpigachapa hakuwa mtu wa kutoa chungwa.

Wiki tatu zikapita. Muuzaji alichukua kamera zake zote mbili. Mama Tulia aliendelea na ile ya zamani kwa kuibembeleza, na kila Jumanne na Alhamisi alikaa ofisini akilitazama daftari lake. Mumewe alimuuliza kama wanunuzi wameanza kuikanda kamera wenyewe kwa udongo.

"Utaratibu," alisema Mama Tulia.

"Mimi saa ikichukua wiki tatu huwa imekufa," alisema fundi.

Jumatano moja akakuta watu wamekusanyika kwenye ubao wa matangazo, na walipomwona wakampisha, kama mtu anavyopishwa msibani. Tangazo lilikuwa fupi. Kwa kuzingatia ripoti ya kina ya mtaalamu wetu mwenyewe, ofisi imeamua kununua kamera ya aina fulani, na tarakimu zikafuata, ambazo mtu akizihesabu alimpata Kobe. Na kwa kuwa mtaalamu amethibitisha kwamba kamera hiyo haihitaji ujuzi na inaweza kutumiwa hata na mtu ambaye hajawahi kushika kamera, kazi ya upigaji picha itaunganishwa na kitengo cha uchapaji kuanzia mwanzo wa mwezi. Ziara za majumbani zimesitishwa. Wagonjwa waletwe ofisini na jamaa zao. Mtaalamu, kwa kutambua uzoefu wake mrefu, anahamishiwa masjala.

Masjala ni chumba cha mafaili, chini ya ngazi. Hakina dirisha.

Alilisoma mara mbili, kwa utulivu, kama anayesoma barua ya mtu mwingine aliyefanana naye jina. Kisha akapanda kwa Mkuu. Mkuu alimkaribisha kiti, akaweka viganja mezani.

"Mama, ripoti yako imetusaidia sana. Fupi, imenyooka. Ningependa wote waandike hivyo."

"Naomba kuiona."

Akaiona. Kurasa mbili. Ilianza vizuri, kalamu za mfukoni zilikuwemo, betri ilikuwemo, hata ndege alikuwemo ila shughuli zake zilikuwa zimefichwa. Ikafika kwenye "Kobe haihitaji ujuzi", ambapo Kobe alikuwa amepewa tarakimu zake rasmi. Ikafika kwenye "hata mtu ambaye hajawahi kushika kamera atapata picha". Jua lilikuwa limetolewa. Baada ya hapo lilifuata neno "Nawasilisha", na chini yake jina lake la karatasini, na juu ya jina sahihi yake, imetulia.

"Mimi sikuandika hivi," alisema.

Mkuu alitazama sahihi, kisha akamtazama yeye.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Na hii tarehe?"

"Yangu."

"Ulishikwa mkono?"

"Nilikuwa nakula."

Mkuu alivipanga upya viganja vyake mezani, kama mtu anayetafuta namna ya kuwa mpole bila kubadilisha kitu. "Una nakala ya mkono?"

Hakuwa nayo. Rasimu zote zilichanwa mara tu baada ya kuchapwa, ndio utaratibu, kwa ajili ya kutunza siri za serikali. Na kama isingechanwa, mtu pekee ambaye angeweza kumsomea Mkuu kilichoandikwa ni yule yule aliyekichapa. Mama Tulia aliliona hilo papo hapo, lilivyokaa vizuri, hata akakaribia kulisifia.

Mpigachapa alikuwa kwenye mashine yake, hachapi. Vile viti vitatu vilikuwa vimeondolewa, na mahali pake pamewekwa kigoda. Kigoda alikijua.

"Nilijua utakuja," alisema mpigachapa.

"Nimekuja."

"Kaa, dada."

"Kigoda hicho ni cha wanaopigwa picha."

Mpigachapa akanyoosha karatasi iliyokuwa imenyooka. "Walikuwa wananipunguza. Mwezi wa nne. Mkuu aliniambia mwenyewe, kwa upole wake ule, akaniuliza kama kuna kitu kingine ninachokiweza. Nikasema nitafikiri. Nikarudi humu, nikakuta ripoti yako mezani."

"Ukafikiri."

"Wewe wasingekufukuza. Miaka ishirini na sita, wangekutafutia pa kukuweka. Nilijua. Na si wamekutafutia? Mimi wangenitafutia wapi?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Dada, andika uongo? Wewe?"

Ilikuwa kweli, na Mama Tulia alichukia kwamba ilikuwa kweli. Akauliza lile alilokuwa amelibeba tangu kwa Mkuu.

"Ulipofika pale pa mama yako."

"Vidole vilisimama," alisema mpigachapa.

"Halafu?"

"Halafu nikaandika Nawasilisha."

Mtu mwingine angepiga meza. Mama Tulia alisimama akautazama mkono wa kulia wa mdogo wake, ule ulioshika taa ya mafuta dakika arobaini bila kupumzika, umelala sasa kando ya mashine, kucha zimekatwa vizuri. Alikuwa ametazama nyuso za watu maisha yake yote, akajivunia kwamba anaziona. Uso huu ameutazama miaka kumi na saba kwa umbali wa bakuli. Kilichomuuma hakikuwa kwamba amedanganywa. Ni kwamba amedanganywa kwa neno lake mwenyewe, halikugeuzwa hata silabi, na mtu aliyemjua kiasi cha kujua ni wapi pa kulikatia.

Akatoa daftari mkobani, akaliweka juu ya mashine. "Majina kumi na moja," alisema. "Wa tatu hasikii, umguse bega. Wa saba ukimwashia taa anaanguka kifafa."

"Ziara zimesitishwa, dada."

"Najua. Nimesoma. Hilo nimelisoma."

Nyumbani, fundi saa alisikiliza hadithi yote akiwa na lenzi yake ndogo jichoni, hakuitoa, kwa hiyo jicho moja lilionekana kubwa lenye huruma na lingine la kawaida.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mwishowe.

"Sawa."

"Ila waliosema hawakutaja kwamba nguo yenyewe unakuwa umeifua na kuipiga pasi mwenyewe."

"Baba, nyamaza kidogo."

Akamsogezea saa moja kati ya zile alizokuwa akitengeneza, ili apate kitu cha kushika.

Mwanzo wa mwezi Kobe akafika, ndani ya boksi lake. Kwa siku za jua alifanya vizuri sana, na mpigachapa akawapangia watu wote uani, asubuhi, hadi mawingu yalipoanza. Mgonjwa wa saba kwenye daftari hakuletwa. Wa tisa aliletwa, amebebwa na wanawe wawili juu ya kiti cha jikoni, ngazi zote mpaka ghorofa ya pili, wakapumzika kidogo chini ya waraka. Mama Tulia aliwasikia wakipita juu ya kichwa chake, kwa sababu masjala iko chini ya ngazi, na humo mtu hujifunza kuwajua watu kwa nyayo. Benchi la nyuma ya stoo lilikaliwa na mlinzi.

Wiki ya pili akaarifiwa kwamba kitambulisho chake cha kazi kimeandikwa kitengo cha zamani, hivyo kibadilishwe, na picha iwe mpya. Alipanda. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, chumba cha uchapaji kilikuwa na giza ingawa ilikuwa saa nne asubuhi, na mpigachapa alikuwa amemwinua Kobe mbele ya uso wake kama mtu anayejikinga. Mama Tulia alikaa kwenye kigoda. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa hajakikalia. Alishangaa kilivyokuwa kifupi.

Hawakusalimiana zaidi ya salamu. Kobe alinyoosha shingo, akasita, akairudisha, akainyoosha tena, akitafuta.

"Tulia, dada," alisema mpigachapa.

Taa ikawaka.

Kitambulisho kilitoka Jumatatu, na muhuri wa ofisi ukiwa mahali pake. Kila asubuhi mlinzi wa lango hukipokea, hukitazama, humtazama mwenyewe, hukitazama tena, halafu humrudishia na kumwambia apite. Kwenye picha hiyo amefumba macho.